Nani Kasema Homoni ni Ugonjwa wa Matajiri?

Kuna hoja inayosikika kila wanapokutana watu wa afya wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo: kwenye mikutano ya zoni za afya, kwenye ofisi za mashirika mjini Goma, hata kwenye madarasa ya uuguzi. Inasema kwamba magonjwa ya homoni, hasa ule unaovuruga hedhi na kumwotesha mwanamke ndevu, ni shida ya wanawake wa mjini walioshiba. Katika zoni ya afya ya Kirotshe kuna kipindupindu, wanasema. Kuna malaria, kuna utapiamlo, kuna risasi, kuna familia zinazolala kwenye madarasa ya shule. Nani ana nafasi ya kukaa na mwanamke mzima mwenye nguvu zake akihesabu naye miezi aliyoona na miezi aliyokosa?

Wengi wanaosema hivyo ni watu waliojitoa. Wamepokea watoto kwa mwanga wa simu, wamebaki kazini pale wenye magari walipokwisha kuondoka. Siwabezi. Ila hoja yao ni mbovu tangu mzizi, na ubaya wake hauishii kwenye maneno. Ndiyo inayoamua muuguzi afundishwe nini, kaye, yaani daftari, ya kituo cha afya iwe na safu zipi, na mwanamke yupi arudishwe nyumbani na parasetamoli.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Madaktari wa Goma na Bukavu huuita SOPK, wa Nairobi na Dar es Salaam huuita PCOS. Mwili wa mwenye ugonjwa huu kwa kawaida hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mara nyingi pia insulini yake haifanyi kazi barabara, basi kongosho humwaga insulini zaidi kufidia, na ziada hiyo huzichochea ovari zitoe homoni za kiume zaidi. Mayai huanza kukua, kisha husimama njiani. Vile vinavyoonekana kwenye ekografi (ultrasaundi) kama vifuko si uvimbe, ni vijumba vya mayai machanga yaliyokwama. Mwanamke anaweza kuona hedhi mara tatu au nne tu kwa mwaka. Chunusi haziishi, nywele zinaota kidevuni na kifuani, za kichwani zinapukutika, mimba inachelewa. Miaka ikisonga huweza kufuata kisukari na shinikizo la damu, na kwa kuwa ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hautoki kila mwezi kama inavyopaswa, hatari ya saratani ya ukuta huo hupanda. Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago waliueleza mwaka 1935 kwa kuwachunguza wanawake 7. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba huwapata wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao duniani hawajui kuwa wanao.

Wapinzani wangu huziona hesabu hizo wakasema ni za Wazungu. Haya, tuzikate. Tuchukue nusu ya kadirio la chini kabisa: wanawake 4 katika 100. Nenda soko la Bweremana siku ya soko, simama kando ya wauza sambaza na wauza muhogo, uwahesabu wenye umri wa kuzaa. Hutafika mbali kabla hujampita mmoja wao. Tena hutamjua, kwa sababu amejifunga kitambaa hadi kidevuni.

Tuanze na dai kwamba elimu ya homoni ni ya mjini, imekuja kwetu kwa ndege. Ziwa Kivu, ambalo Kirotshe imekaa ufukweni mwake, limekibeba kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, akina François Delange, André Ermans na Claude Thilly, walikwenda Idjwi kuchunguza tezi la shingo. Waligundua jambo lililowashangaza: kisiwa chote kilikuwa na upungufu wa iodini, lakini tezi lilikithiri kaskazini na lilikuwa haba kusini-magharibi. Mwaka 1968 matokeo hayo yalichapishwa katika jarida kubwa la homoni la Marekani. Swali lililozaliwa pale, kwamba ni nini tena kinachoongezea ukosefu wa iodini makali, ndilo lililowafikisha kwenye muhogo na sumu inayobaki ndani yake usipolowekwa vya kutosha.

Kwa hiyo sehemu ya elimu ya homoni inayofundishwa leo Paris na Boston ilitoka kwenye mikojo na damu ya wakulima wa ziwa letu. Hakuna aliyewaambia watu wa Idjwi kwamba tezi ni anasa. Lilikuwa ugonjwa wa maskini hasa, wenye chumvi isiyo na iodini na chakula cha aina moja. Na tiba yake haikungoja bingwa afungue ofisi kisiwani. Mwishowe ilipita sokoni, ndani ya chumvi.

Uko pia ugonjwa uliopewa jina la Sheehan. Mwanamke akivuja damu nyingi mno wakati wa kujifungua, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inaweza kufa sehemu yake. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nguvu zinamwisha, na nyumbani wanasema amekuwa mvivu. Nchi ambazo damu ya kuongezewa iko karibu zimeanza kuusahau. Umebaki kwa wale ambao barabara imewafungia. Anayesema homoni ni za matajiri awatafute akina mama hao kwanza, ndipo tuendelee kuzungumza.

Dai la pili ni kwamba SOPK huwapata wanene. Ni kweli unene huuongezea ukali. Lakini wanawake wembamba wanao vilevile, na mwembamba ndiye anayepitwa kirahisi zaidi, kwa kuwa muuguzi aliyefundishwa kutafuta mnene humtazama mara moja tu akamaliza. Mwanamke wa Kirotshe anayepanda mlima na mzigo wa kuni mgongoni, anayelima kwa jembe tangu alfajiri, ndiye anayeelekezwa na vijikaratasi vya afya afanye mazoezi dakika thelathini kwa siku. Ushauri huo umeandikwa kwa mtu mwingine. Lakini ushauri kukosea mtu hakuthibitishi kwamba mtu huyo si mgonjwa.

La tatu lina uzito zaidi, na wanaolisema wamesoma. Wanasema ugumba wa Afrika hutokana na maambukizi ya mirija, si homoni, na wanataja utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa kwenye Lancet mwaka 1985, ulioonyesha kwamba maambukizi yanachangia ugumba barani kwetu kuliko mahali pengine. Sina ugomvi na utafiti huo. Nina ugomvi na matumizi yake. Jibu la wengi limegeuzwa kuwa jibu la wote. Mwanamke asiyepata mimba akija, anapewa antibiotiki, akirudi anapewa nyingine, na ya tatu, wala hakuna aliyemuuliza hedhi yake inakuja vipi. Ilhali mwenye mirija iliyoziba kwa kawaida huona mwezi wake sawasawa. Mwenye SOPK mara nyingi haoni. Swali moja la bure lingewatenganisha wanawake hawa wawili kabla ya kidonge cha kwanza. Na walipochunguzwa wanawake waliokuja Muhimbili, Dar es Salaam, kwa ajili ya ugumba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, karibu theluthi moja walikuwa na ugonjwa huu. Dar es Salaam si Kirotshe, lakini si Stockholm pia.

Halafu wanasema: vita na njaa ndivyo vinavyokata hedhi. Ni kweli, vinakata. Uholanzi, majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, wanawake wengi walipoteza hedhi kwa njaa. Hapa kwetu mwanamke aliyekimbia Sake na watoto wake, akala mara moja kwa siku kwa miezi, anaweza kukosa mwezi, na sindano ya uzazi wa mpango au kunyonyesha kunaweza kumfanyia hivyo hivyo. Lakini njaa haioteshi ndevu. Sindano haileti hedhi iliyoparanganyika tangu msichana alipovunja ungo, miaka kumi kabla ya risasi ya kwanza. Vita vikigeuzwa kuwa jawabu la kila kitu, daktari anapata ruhusa ya kutouliza chochote.

Hapo ndipo linapoingia jambo linaloniuma zaidi. Mfuko wa uzazi wa mwanamke wa Kivu umejulikana duniani kwa ubakaji. Hospitali ya Panzi ilianzishwa Bukavu mwaka 1999, mwanzilishi wake Denis Mukwege akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, na kila heshima waliyopewa waliistahili mara mia. Lakini ulimwengu, na sisi pamoja nao, tumejizoesha kuamini kwamba mwanamke huyu anastahili daktari wa uzazi pale tu alipotendewa unyama. Aliye na ugonjwa wa kawaida, ugonjwa ule ule unaompata mwalimu wa Mombasa au karani wa Muscat, hana mlango wa kuingilia. Akijieleza, anatazamwa kama mtu anayeiba nafasi ya wenye shida kweli.

Matokeo yake ni njia ndefu, na kila anayeishi kando ya ziwa hili anaijua. Kwanza kituo cha afya: dawa za maambukizi. Kisha mama mkwe anapeleka majani ya kusafisha tumbo. Kisha chumba cha maombi, ambako atafungishwa siku kadhaa na kuulizwa ni nani katika ukoo wao aliyemtega. Chunusi na ndevu zinampeleka kwa wauza mafuta ya kujichubua, mengi yakiwa na klobetasoli, dawa kali ambayo ikipakwa muda mrefu huharibu ngozi na inaweza kuleta chunusi na nywele zaidi. Akipata fedha anafika Goma, anapimwa ekografi, anaambiwa ana kisti. Anarudi na karatasi na neno hilo, akidhani ana uvimbe wa kupasuliwa. Wakati huo mawifi wameanza kuuliza habari za mahari, na mume anatazamiwa mwanamke wa pili.

Kuna methali ambayo wanawake hawa huisikia mpaka wakaichoka: mficha uchi hazai. Wanalaumiwa kwamba wanaficha. Mimi nasema hawafichi. Mwanamke anayenyoa kidevu gizani kabla mume hajaamka anamficha mume, ndiyo, lakini kituoni alikwenda mara tatu na hakuulizwa. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake 1,385 wenye ugonjwa huu, wengi wao wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Karibu nusu yao walionana na watoa huduma watatu au zaidi kabla ya kuambiwa wanaumwa nini, na theluthi moja walingoja zaidi ya miaka miwili. Hao wana mabingwa, wana maabara kila mtaa. Basi hata kwao kilichokosekana hakikuwa mashine. Kilikosekana mtu wa kuziunganisha dalili alizokuwa akitajiwa moja moja.

Na hili ndilo jibu langu kwa dai kubwa kuliko yote, la kwamba bila bingwa wa homoni na bila maabara hakuna linalowezekana Kirotshe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, ulioongozwa na Helena Teede wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unasema wazi: mwanamke mzima mwenye hedhi iliyovurugika na dalili dhahiri za homoni za kiume, kama ndevu, hahitaji ekografi ili ugonjwa utambuliwe, mradi magonjwa mengine yanayofanana yametengwa. Kwa msichana ambaye bado anapevuka ekografi haipendekezwi kabisa kwa kazi hiyo. Hedhi iliyovurugika ni ipi? Kwa mwanamke mzima, ni mizunguko inayopungua siku 21 au kuzidi siku 35, au isiyofika 8 kwa mwaka. Hizo ni hesabu za kalenda ya ukutani. Mizani, kipimo cha shinikizo la damu na kipimo cha sukari cha kuchoma kidole ni vitu ambavyo kituo cha afya kinapaswa kuwa navyo kwa sababu nyingine kabisa. Kupima mimba na kuulizia dawa anazotumia, ndiyo. Tezi la shingo, ndiyo. Yanayobaki na kutia shaka, mfano mwanamke ambaye sauti yake imebadilika ghafla na ndevu zimeota kwa miezi michache, hayo ndiyo ya kumpeleka hospitali kuu haraka, kwa sababu yanaweza kuwa uvimbe unaotoa homoni.

Kinachohitajika basi ni muuguzi anayejua kuuliza. Hapo ndipo wapinzani wangu hucheka, kwa sababu ninachopendekeza ni mafunzo ya kuigiza: mtu anayejifanya mgonjwa, muuguzi anayemhoji, wenzake wanaotazama. Wanasema ni michezo ya vyuo vya Ulaya.

Mtu aliyeianza kazi hii alidhihakiwa vivyo hivyo. Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu, alimfundisha mwanamke mwenye afya kuigiza ugonjwa mbele ya wanafunzi wa udaktari Los Angeles mwaka 1963. Leo ni vigumu kupata chuo kikubwa cha udaktari kisichotumia njia yake. Lakini sihitaji Los Angeles. Nina Haydom, hospitali ya kijijini mkoani Manyara, Tanzania. Huko wakunga walifundishwa kwa mwanasesere wa kujazwa maji jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Mafunzo ya siku moja yaliboresha walivyofanya juu ya mwanasesere, ila chumba cha kujifungulia kikabaki kilivyokuwa. Wakabadili: mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, pale pale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka. Mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya mpango mpana zaidi uliokulia hapo, katika hospitali na vituo 30 vya Tanzania: vifo vya akina mama vilishuka kwa asilimia 75 katika vituo hivyo.

Naomba habari ya yale mafunzo ya siku moja isomwe mara mbili na kila anayepanga mafunzo katika jimbo letu. Tumezoea semina. Wauguzi huitwa Goma, hukaa hotelini, huangalia picha ukutani, hutia saini ya posho, hurudi na begi lenye nembo. Haydom ilionyesha kwamba fedha hizo zingefaa zaidi zikigeuzwa kuwa dakika kumi na tano za kila wiki kwenye veranda ya kituo.

Zoezi la SOPK linaweza kuonekana hivi. Kisa kinatosha ukurasa mmoja: mwanamke wa miaka 24 kutoka mlimani juu ya Shasha, ameolewa miaka 4, analalamika kiuno. Anayeigiza ni mhamasishaji wa jamii, mwanamke anayeijua lugha ya wanawake wa pale, si mwanafunzi aliyevaa koti jeupe. Amepewa masharti. Asitaje hedhi mpaka aulizwe inakuja mara ngapi kwa mwaka. Asifungue kitambaa cha kidevuni mpaka mlango ufungwe na aombwe ruhusa. Na yeyote akitamka neno tasa, anyamaze mpaka mwisho.

Muuguzi anaanza kwa adabu ya kila siku: «Karibu, mama. Mama nani?» Tayari amemjeruhi. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na huyu hana. Mwigizaji anatazama chini. Muuguzi, kalamu mkononi, anauliza swali alilofundishwa: mwezi wa mwisho ulikuwa lini? Anajibiwa kwa ukweli: wiki mbili zilizopita. Anaandika «kawaida», anamchoma kidole kutafuta malaria, anampa dawa ya maumivu. Dakika sita zimepita na mgonjwa ameondoka na ugonjwa wake wote, kwa sababu ule mwezi wa wiki mbili zilizopita ulikuwa wa kwanza baada ya miezi mitano.

Baada ya hapo ndipo somo linapoanza. Wenzake hawamhukumu. Mwigizaji ndiye anayesema kwanza, akiwa bado ndani ya nafasi yake: «Uliponiuliza, ulikuwa unaandika.» Muuguzi anarudia, safari hii anauliza jina lake tu. Anauliza miezi ya mwaka mzima, akimsaidia kwa kumbukumbu anazozijua: wakati wa kupanda maharagwe uliona? Na Krismasi? Anafunga mlango. Anasema, kama jambo la kawaida, kwamba wanawake wengine huota nywele mahali ambapo hawakuzitarajia na kwamba huo ni ugonjwa unaojulikana, kisha anangoja. Kitambaa kinafunguliwa. Mara ya tatu anazoea kiasi kwamba maswali hayo yanakuwa yake, atayauliza hata siku ambayo kuna wagonjwa arobaini kwenye benchi.

Hayo hayafundishwi na kitabu. Tena jambo gumu kuliko kuuliza ni kueleza tiba, na hapa ndipo ninapowaomba wanaocheka mazoezi haya waniambie wao wangefanyaje. Dawa ya kwanza ya kurekebisha hedhi kwa mwenye SOPK ambaye hatafuti mimba kwa sasa ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Jinsi ya kuvitoa salama inafundishwa: shinikizo la damu lipimwe, historia ya damu kuganda iulizwe. Sasa mweleze mwanamke aliyeitwa tasa miaka minne, ambaye mama mkwe wake anapekua mfuko wake, kwamba tiba yake ni vidonge vya kuzuia kuzaa. Ukilisema vibaya, umemwangamiza. Mume atasema siri imefichuka: kumbe alikuwa anazuia mwenyewe. Maneno ya kusema hapo, namna ya kumwita mume akaelezwa mbele yake, au ya kuchagua projesteroni ya siku chache kila baada ya miezi miwili mitatu ili ukuta wa mfuko wa uzazi utoke, yanahitaji kujaribiwa kinywani kabla ya kumfikia mtu halisi. Anayetaka mtoto sasa hivi ataelekezwa kwa daktari wa hospitali kuu, kwa letrozoli au klomifeni, na asikie kwa sikio lake kwamba wengi wenye ugonjwa huu huzaa. Metformini ni ile ile ya wagonjwa wa kisukari. Sijataja dawa hata moja ya ajabu.

Wengine husema: mnamfungulia mwanamke kidonda msichoweza kukitibu. Kidonda kiko wazi tangu zamani. Amekwisha kulipia majani, maombi, mafuta na safari. Anachokosa ni kuambiwa kwamba si uchawi, si laana, si adhabu ya kosa alilofanya usichanani. Maelezo hayo peke yake ni tiba, na yanaokoa fedha ambazo angezitumbukiza kwa watu wanaouza hofu. Halafu akipata mimba, kituo kikijua ugonjwa wake, kitamtazama mapema kwa kisukari cha mimba na kwa shinikizo la damu linaloweza kuleta kifafa cha mimba. Hapo tumerudi kwenye vifo vya akina mama, jambo ambalo kila mpinzani wangu analitaja kama kipaumbele.

Nimesikia pia kwamba wenye shida hizi waelekezwe Goma tu, huko kuna vifaa. Barabara ya ufukweni inayopita Shasha kwenda Minova ilikatwa na vita mwezi Februari 2024. Januari 2025 Minova, Sake na Goma yenyewe vilitekwa na waasi wa M23. Wanaosema «mpeleke Goma» waniambie ni katika mwezi upi wa miaka hiyo miwili mwanamke maskini angekwenda na kurudi kwa amani kwa ajili ya kipimo cha homoni. Kadiri barabara inavyofungwa, ndivyo inavyozidi kuwa muhimu kwamba ujuzi ukae kituoni, ndani ya mtu anayelala pale pale kijijini.

Ninachotaka kwa zoni ya afya ya Kirotshe, na kwa wanaoifadhili, ni kidogo kiasi kwamba hakitaondoa kitanda kimoja kwa wagonjwa wa kipindupindu. Ukurasa mmoja wa kisa, kwa Kiswahili, unaobadilishwa kila mwezi: huyu wa SOPK leo, wa Sheehan mwezi ujao, msichana aliyeacha kuona mwezi kwa njaa unaofuata. Robo saa ya kila wiki, wagonjwa wa asubuhi wakiisha. Mwanamke mmoja wa jamii anayelipwa kwa kazi ya kuigiza kama anavyolipwa mwalimu wa semina. Safu moja kwenye kaye: mara ngapi kwa mwaka. Na msimamizi anapokuja kukagua mwishoni mwa mwezi, aifungue kaye kwenye safu hiyo, na akiikuta tupu aulize kwa nini.